Kaptura ya Refa

Jumatatu, 1 Agosti 1949

Leo nimekuwa refa.

Ilivyotokea ni hivi. Timu yetu ya mjini inapanda Uru Jumapili ya tarehe kumi na nne, kucheza kwenye uwanja wa misheni. Mshindi atakutana na Old Moshi kugombea kombe. Refa wa siku zote ni Mwalimu Ebenezeri, na Mwalimu Ebenezeri ni mtu wa Old Moshi. Watu wa Uru wamemkataa. Wanasema atakuja kuchezesha huku anawapima miguu. Kamati ikakaa kwenye baraza ninaposhonea, ikatafuta mtu asiye na upande. Nikakohoa. Hakuna aliyesikia. Nikakohoa tena, nikadondosha mkasi. Mwishowe mmoja akasema fundi Yunusu anashona jezi za timu zote mbili, kwa nini asiwe yeye? Wengine walikuwa na njaa, wakakubali.

Shemeji yangu Seleman, kaka wa mke wangu, ndiye kapteni wa timu ya mjini. Alikubali haraka kuliko wote. Nadhani ni mapenzi.

Naandika jambo moja hapa kwa sababu hapa hakuna msomaji. Nikiwa kijana, wenzangu walipocheza niliambiwa nishike nguo zao. Nimekuwa mtu mzima, naambiwa nizishone. Ndani ya ile mistari ya chokaa sijawahi kuitwa hata siku moja, na inaniuma. Nikiharibu, Ebenezeri anarudi na mimi narudi kwenye cherehani. Nikichezesha vizuri, mechi ya kombe ni yangu, na za baadaye pia.

Nimemweleza mke wangu, Sikudhani. Hakushangilia. Aliuliza refa anabeba nini uwanjani. Nikasema filimbi. Akauliza na nini tena. Swali zuri sana. Limenikosesha usingizi wa mchana.

Jumatano, 3 Agosti

Utafiti umeanza. Ebenezeri alileta suruali ikunjwe miguu. Nikamuuliza kwa ujanja, kana kwamba ninamuulizia mtu mwingine, refa anatakiwa kubeba nini. Akajibu kwa sauti ya darasani: filimbi, saa, penseli, kipande cha karatasi, sarafu ya kurushia. Nikaomba filimbi yake kwa niaba ya huyo mtu mwingine. Akasema filimbi ni kama mswaki, haiazimwi. Kisha akamtakia huyo mtu mwingine kila la heri Jumapili ya tarehe kumi na nne.

Suruali yake nimeikunja, mguu mmoja mfupi kidogo. Hataona upesi.

Lakini amenisaidia bila kujua. Vitu vitano vyote hivyo vinakaa wapi? Ebenezeri huwa anakimbia ameshika vitu mkononi, penseli sikioni. Aibu kwa mtu msomi. Nimepata wazo ambalo haliwezi kumjia mtu asiye fundi: kaptura ya refa, kila kitu na mfuko wake. Khaki nzito ninayo. Nimekata leo leo.

Ijumaa, 5 Agosti

Filimbi imepatikana, na nusura iniletee kesi.

Mzee Mashaka alikuwa mlinzi wa maghala ya kahawa miaka mingi, sasa amestaafu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akatoa filimbi ya shaba kutoka chini ya godoro. Akasema nisiipulize mjini. Nikashukuru kabla hajafika kwenye sababu.

Nilitaka tu kusikia sauti yake. Nikasimama barazani, nikapuliza mara moja, kirefu. Kumbe ndiyo filimbi ya mwizi, na sokoni kila mtu anaijua. Watu walitoka na mawe, na fimbo, na mmoja na mchi. Mtu mmoja alikuwa anapita na kuku wake, akaona watu wanamjia, akakimbia. Mtu anayekimbia na kuku ni mwizi tayari. Walimfukuza mpaka relini. Kuku alikuwa wake kabisa, wa kununua. Seleman alikuwa mbele ya wote, na nasikia anakimbia vizuri sana mwaka huu.

Mwenye kuku nimemshonea shati. Jambo la muhimu ni kwamba filimbi inafanya kazi.

Jumamosi, 6 Agosti

Siku ya soko. Nimeuliza kila aliyepita refa abebe nini. Mzee Mashaka: kiboko. Muuza nyama: kisu, lakini kisionekane. Dereva wa lori la Uru: hakuna haja ya kubeba kitu, ila refa ajue njia ya kutokea, na yeye huwa anaegesha lori limeelekea mteremkoni. Muuza vitunguu: sindano na uzi, maana jezi zangu zinachanika. Nimemeza maneno hayo. Nimeongeza mfuko wa sindano na uzi.

Jibu la thamani limetoka kwa Kornel. Huyu ni mkulima wa kahawa wa huko huko Uru, alikuja kuchukua shati la sikukuu ya Bikira Maria. Nikamuuliza watu wa kwao wakikasirika wanatulizwa na nini. Akasema isale. Ni lile jani refu la kijani wanalopanda mipakani mwa vihamba vyao, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Mchagga ukimpa isale hawezi kukataa. Hata awe na hasira ya namna gani, hata awe ameumizwa nafsi yake, atalipokea na ugomvi utakwisha.

Niliacha kushona. Hawezi kukataa! Ebenezeri ni Mchagga wa kuzaliwa, amechezesha miaka yote hiyo, hajawahi kubeba jani. Kornel alikuwa akiendelea, kwamba lakini anayelitoa ni yule aliye... Mteja mwingine akaingia na mimi kichwa kilikuwa kimeshajaa. Nimeshona mfuko mrefu wa pajani.

Jumatano, 10 Agosti

Habari ya saa. Sina saa ya mkono. Ninayo ya mezani, yaani Sikudhani anayo, ile ya kengele. Inamwamsha saa kumi na moja alfajiri akaange maandazi. Nimemwomba kwa siku moja tu. Akasema sawa, ila kuna jambo la kengele niliangalie. Nikamwambia saa nilianza kuzijua kabla hatujaoana. Akasema, haya Baba Mwantumu.

Mfuko wa nyuma, mkubwa, wenye kifuniko na vifungo. Saa imekaa vizuri. Nikiketi hainikai vizuri, lakini refa haketi.

Ijumaa, 12 Agosti

Nilipanda Uru kukagua uwanja. Umelala mteremkoni. Goli la chini limepakana na migomba ya watu, na mpira ukitoka upande huo unatafutwa kama mbuzi. Nimependa sana. Nilisimama katikati kabisa, peke yangu, nikageuka pande zote. Nilikaa pale mpaka katekista akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Nikapita kwa Kornel kuchukua masale. Hakuwepo. Mkewe, Margareta, alikuwa anaanika kahawa. Nikamwomba majani ya isale mawili. Akauliza nimemkosea nani. Nikasema sijamkosea mtu bado. Akauliza, bado? Nikasema ni kwa ajili ya Jumapili. Akanitazama sana, akaenda kuchuma, akanipa kwa mikono miwili. Akasema ninaonekana mtu mwenye moyo mzuri. Kila mtu ameanza kuona.

Kaptura imekamilika. Nimeivaa yote na vitu vyake, nikakimbia kutoka mlangoni mpaka kisimani. Inalia kidogo, na inataka kushuka. Nimeongeza mkanda. Sikudhani alicheka hadi akakaa chini. Mwantumu, binti yetu, akauliza kama baba anasafiri.

Jumapili, 14 Agosti

Nitaandika yote kwa utaratibu, ingawa mwili unauma.

Tulipanda na lori. Watu walikuwa wengi tangu misa ilipokwisha, wazee mbele kwenye mabenchi ya kanisa, akina mama nyuma na vikapu vyao. Ebenezeri naye alikuja, eti kutazama tu, suruali yake mguu mmoja juu mmoja chini. Niliposhuka na kaptura yangu uwanja mzima ulinyamaza. Nafikiri ni heshima.

Nikaita makapteni. Seleman kwetu, Sirili kwa Uru. Sirili ni kijana mrefu, mpole, anafanya kazi kwenye kinu cha kahawa. Nikatafuta sarafu. Nikatoa sindano. Nikatafuta tena, nikatoa penseli. Sirili akasema kwa adabu kwamba wanaweza kurusha jani badala yake. Nikakataa, sarafu ikapatikana. Saa kumi nikapuliza filimbi. Seleman na wenzake wa mjini waligeuka wote kumtafuta mwizi, wakapoteza mpira hapo hapo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Naapa. Nilikuwa katikati ya mpira, katikati ya watu, na nilipopuliza walisimama. Watu wazima ishirini na wawili! Beki mmoja wa Uru akachanika bega la jezi. Nikasimamisha mchezo, nikatoa sindano na uzi, nikamshona amesimama. Wazee walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Nilimtazama Ebenezeri. Alikuwa anatazama mlima, na mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu.

Kipindi cha pili, bado hakuna goli. Seleman akapata mpira kwenye mstari wa kati. Hapo ndipo kengele ikalia nyuma yangu.

Sasa najua Sikudhani alitaka kusema nini. Saa ile haijui alfajiri na jioni. Ikifika kumi na moja inalia, na asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nimezungusha funguo zote mbili za mgongoni mwake hadi mwisho. Ililia kwa nguvu zake zote, nami ninakimbia nayo. Kifuniko nilikishona imara, vifungo vitatu, havikufunguka. Mabeki wa Uru walisikia kengele, wakadhani muda umekwisha. Wakasimama. Golikipa akavua kofia, akaenda kumwamkia babu yake kwenye benchi. Seleman hakusimama. Alikwenda mwenyewe mpaka golini, akaweka mpira ndani taratibu.

Nifanye nini? Filimbi sikupuliza. Kengele si filimbi. Nikasema goli.

Uru wote walinizunguka. Hakuna aliyenigusa, lakini walikuwa karibu kiasi kwamba nilijua kila mmoja amekula nini. Sirili alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba refa amekuja na kengele, refa amepiga kengele, halafu refa amesema goli, je, hiyo ni haki? Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha zaidi. Nyuma yake niliona wazee wananyanyuka na fimbo zao. Nikatafuta njia ya kutokea. Dereva wa lori alikuwa anacheza bao.

Nikakumbuka mfuko mrefu. Nikatoa isale, nikamnyooshea Sirili.

Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Hata kengele ilikuwa imechoka. Wale waliokuwa wanasukumana wakaachana. Sirili akanitazama, akatazama jani, akafuta mikono kwenye kaptura, akapokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja akavua kofia. Akina mama wakasema maneno ya Kichagga kwa sauti ya chini. Moyo wangu ulijaa. Nilisema kimoyomoyo, Ebenezeri, umeona?

Kisha Sirili akanishika bega. Akasema wamenisamehe, wote, tangu sasa hakuna kinyongo. Akamgeukia golikipa wake, akamwambia aweke mpira chini apige, kwani goli halipo. Nikauliza goli halipo vipi. Akashangaa. Akasema mwenye kutoa isale ni yule aliyekosa, na mimi nimekiri kosa mbele ya wazee wote. Mtu hawezi kukiri wizi halafu akaondoka na ng'ombe.

Kumbe huo ndio mwisho wa ile habari ya Kornel ambao sikuusikiliza siku ya soko.

Ikawa zamu ya timu yetu. Walikuja mbio. Seleman alitaka kujua nimekiri nini, kwa idhini ya nani, na goli lake liko wapi. Nilikuwa na jani la pili. Nikampa. Seleman alizaliwa nyuma ya msikiti wa mjini, isale hajui ni nini. Akaniuliza kama yeye ni mbuzi. Akalitupa chini.

Hapo wazee wa Uru waliumia kweli. Kulitupa isale! Wakaingia uwanjani na mabenchi yao, wakaketi katikati ya mistari, wakataka shauri lisikilizwe kwanza. Mmoja alitaka kujua ukoo wa Seleman. Mwingine akaagiza mbege iletwe, maana watu wakipatana lazima wanywe. Nikaeleza kwamba mimi na Seleman ni Waislamu, hatunywi. Wakajadili hilo pia, mwishowe tukaletewa maziwa. Nilikunywa. Seleman alikunywa huku amenikazia macho juu ya ukingo wa kibuyu. Wingu likashuka hadi chini, goli la juu likapotea, halafu la chini, halafu wazee wenyewe wakawa ni sauti tu. Sijui mechi iliisha saa ngapi. Saa ilikuwa imesimama.

Jumatatu, 15 Agosti

Kamati imekaa barazani kwangu. Mimi nilikuwa ninashona, wao wakazungumza kana kwamba cherehani inajiendesha. Mechi irudiwe Jumapili hii. Refa awe Ebenezeri, Uru wapende wasipende. Hakuna aliyepinga. Ebenezeri alisema hana kinyongo, na akaniuliza kwa upole mguu upi wa suruali yake ndio sahihi.

Seleman hasemi nami. Amemwambia dada yake kwamba mume wake amemuibia goli na kumlisha majani. Sikudhani amejibu kwamba saa yake nayo haitembei, kwa hiyo wapange foleni.

Nilikaa na kaptura mapajani mpaka jioni. Siku moja tu nimekuwa ndani ya mistari ile, na siku hiyo nimeiharibu mwenyewe. Sikula.

Alhamisi, 18 Agosti

Ninaandika nimesimama, kwa furaha.

Kornel ameshuka leo na ujumbe wa wazee wa Uru kwa kamati. Ujumbe ni mfupi. Hawatacheza chini ya Ebenezeri wala mtu mwingine yeyote. Wanamtaka yule fundi. Wamechezeshwa na marefa tangu wamisionari walipoleta mpira, wamedhulumiwa na wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiri. Huyu alikiri mbele ya watu. Huyo ndiye refa.

Kamati ilibishana sana. Lakini bila Uru hakuna mechi, na bila mechi hakuna kombe. Wakakubali. Ebenezeri alikunja karatasi zake, akaondoka bila kuaga. Nilitoka barazani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kidogo. Wameniita. Safari hii sikukohoa.

Nimefikiri kwa utulivu yale yaliyotokea, na nimegundua nilikosea wapi. Jani halikuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba nilichelewa. Nilitoa isale wakati goli limeshaingia, ndiyo maana likafuta goli. Refa mwenye akili atalitoa mapema, kabla ya filimbi ya kwanza, wakati hakuna cha kufutwa. Na si kwa kapteni peke yake. Kwa wachezaji wote ishirini na wawili, mmoja mmoja, mbele ya wazee. Kila kosa nitakalofanya litakuwa limeshasamehewa. Nimeanza mfuko mpya, unazunguka kiuno kizima.

Nimemwagiza Kornel mzigo wa masale. Alihesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Kisha akauliza, kwa kuwa isale halitolewi bure, nitamwambia kila mchezaji nimemkosea nini. Swali zuri. Safari hii nimemsikiliza mpaka mwisho. Jioni yote nimekuwa ninatafuta makosa, moja kwa kila mtu, na ya watu wa Uru nimeshayapata yote, ya wa mjini karibu yote. Aliyebaki ni Seleman tu. Ananisumbua sana, kwa sababu huyo sijamkosea kitu.